Sabuni Isiyotoa Povu

Kiti cha kaunta kilikuwa na kilio chake. Ukikaa kinalia kwii. Ukiinuka kinalia. Ukigeuka kuchukua funguo ukutani, kinalia tena. Na hapo ni gereji, oili ya kila aina imepangwa kwenye rafu, tone moja tu lingekinyamazisha. Lakini mwenye kiti, mke wa fundi, hakutaka.

"Kiacheni," alikuwa akisema. "Kinalia mjue nipo. Siku kikinyamaza ndiyo mshtuke."

Sasa kilikuwa kimenyamaza.

Fundi mwenyewe watu walimwita Mzee Spana, na mkewe walimwita Mama Kaunta. Mzee alikaa nyuma, kwenye vyuma. Mama Kaunta alikaa mbele, kwenye watu. Mzee si mtu wa maneno. Mteja akimuuliza gari lina nini, anajibu, "Linaumwa." Akiulizwa litapona lini, anajibu, "Likipona." Mkewe ndiye aliyeyageuza majibu hayo yakawa lugha ya binadamu. Aliwamiminia watu chai, akawatania, wakaondoka wameridhika hata kama gari limebaki.

Tangu kumzika, mzee alijaribu kuwa nyuma na mbele kwa pamoja. Alimpa dereva wa teksi funguo za gari la mwalimu. Naye mwalimu akaambiwa gari lake limekufa. Mwalimu wa watu akakaa kwenye benchi, akashika kichwa. Kumbe ni betri tu.

Mtu wa kukikalia kile kiti alikuwepo, tena mmoja tu. Ni binti yake. Naye hakutaka kutoka chini ya magari.

Binti huyo waliyemwita Nati alikuwa mtu mzima, kavuka thelathini zamani, fundi hasa. Jina alipewa na mama yake tangu utotoni, kwa kuwa alikuwa mfupi, mgumu, na akishakaza hafunguki. Mikono aliirithi kwa baba. Ulimi aliurithi kwa mama, na wateja walimpenda kwa huo ulimi. Kilichomficha ni uso.

Chunusi zilimwanza ukubwani, wenzake walipokuwa wameshazisahau. Uso wake ulikuwa wa mafuta. Ananawa asubuhi, lakini kabla ya saa ya chai paji linang'aa kama bati jipya. Mama yake alipokuwa hai chunusi zilikuwepo, ila hazikumsumbua. Baada ya msiba zikafumuka. Zilitoka kidevuni, mashavuni, mpaka shingoni pale kola ya ovaroli inapogusa. Nyingine zilikuwa nyekundu, nyingine zimeiva, nyingine zimeondoka zikaacha madoa.

Siku moja yule dereva wa teksi, ambaye kwa kelele zake walimwita Honi, alimtazama akapiga mluzi.

"Nati, vipi? Radieta imekurukia?"

Watu wakacheka. Nati naye akacheka. Kisha akajiburuza chini ya gari lililokuwa karibu, na tangu siku hiyo akawa mtu wa chini. Akitoka, amejifunga skafu mpaka puani. Ukimuuliza, anasema vumbi.

Sasa, katika nyumba ile mafuta yalikuwa adui wa kila siku. Yapo kwenye nguo, kwenye vitasa vya milango, kwenye kucha. Na kipimo chao cha usafi kilikuwa kimoja. Kitu kikitakata, kinalia. Mama Kaunta alikuwa akiosha sahani anaipitishia kidole gumba, ikisema kwii ndipo anaiweka rafuni. Mzee naye alifanya hivyohivyo kwa vyuma. Nati, mtoto wa watu hao, aliamua kunawa uso mpaka ulie.

Karibu na bomba la gereji lilikuwepo kopo la sabuni ya mikono, ile nzito yenye chenga kama mchanga, ya kukwangua grisi. Akaipaka usoni. Ikawasha. Akasema, aa, inafanya kazi. Siku iliyofuata akaongeza spiriti kwa pamba. Kisha ndimu. Usiku akawa anaweka dawa ya meno juu ya kila chunusi, analala kama ukuta uliozibwa nyufa. Shangazi yake akaja na kikopo kisicho na maandishi.

"Paka hii, mwanangu," akasema. "Itakuondolea hayo yote na kukung'arisha juu yake. Mimi mwenyewe si unaniona?"

Mzee Spana alimtazama dada yake. Uso rangi yake, masikio rangi nyingine.

Nati akapaka na hiyo, juu ya vyote. Asubuhi uso ulikuwa umevimba, unachubuka, unawaka moto. Hata skafu hakuweza kuifunga vizuri.

Jioni ya siku hiyo walikaa mezani, baba na binti, na kiti cha tatu kitupu.

"Baba," Nati akasema, "kampuni ya mabasi wanataka fundi wa shimoni. Kazi ya usiku. Basi linaingia, unashuka chini yake, unamaliza, mchana unalala. Wana vyumba hukohuko."

Mzee alikoroga chai. Sukari hakuwa ameitia.

"Na nyumbani?"

"Nitakuwa nakuja. Nikipata nafasi." Akageuza kikombe. "Wanataka jibu mwisho wa mwezi. Nafikiri nitawakubalia."

"Unapenda mabasi?"

"Basi ni basi, Baba."

"Kwa hiyo unapenda shimo."

Nati akavuta skafu juu kidogo, akaumia, akaishusha.

"Shimoni hakuna anayeniangalia."

Mama yake angekuwepo angejua la kusema. Angesema kwa utani, halafu kwa ukali, halafu kwa utani tena, na mwisho binti angekuwa analia na kucheka. Mzee alitafuta neno la aina hiyo, hakulipata. Akilini aliona nyumba ikiwa na kikombe kimoja tu kwenye sinki. Akakoroga tena chai.

"Kesho nisindikize duka la dawa," akasema. "Goti."

Goti kweli lilikuwa linamuuma. Dukani mfamasia, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alimwamkia, akampa dawa ya kuchua, akamweleza. Mzee akalipa. Hakuondoka.

"Kuna kingine, mzee?"

"Mwanangu."

"Baba!" Nati akasema nyuma ya skafu.

"Mwanangu ana uso."

Mfamasia hakucheka. Alimtazama Nati, akatazama watu waliopanga foleni, akamwambia msaidizi wake awahudumie. Akawapeleka wawili hao kwenye benchi la pembeni, nyuma ya rafu ya maziwa ya watoto. Nati aliishusha skafu huku anatazama sakafu. Alingoja mguno.

"Inauma?" mfamasia akauliza.

Wote waliomwona walikuwa wamemuuliza imekuwaje, umekula nini, umefanya nini. Hakuna aliyeuliza kama inauma. Nati akatikisa kichwa kukubali, na machozi yakamtoka bila ruhusa.

"Unatumia nini, dada?"

Nati akataja. Alipofika kwenye sabuni ya kopo mfamasia alivua miwani.

"Hiyo ya kutolea grisi?"

"Ndiyo."

"Usoni?"

"Si na uso wenyewe una grisi?"

Mfamasia akajizuia, akashindwa, akacheka mpaka akashika rafu. "Nisamehe, dada yangu. Nisamehe." Lakini Nati naye alikuwa ameshaanza kucheka, huku mashavu yanamuuma kwa kucheka. Mzee alitazama makopo ya maziwa. Kicheko hicho cha kweli alikuwa hajakisikia tangu msiba.

"Haya," mfamasia akasema, akivaa miwani. "Tuseme kesho umeamka umepona. Utamshukuru nani? Spiriti au ndimu? Na ukizidi kuungua utamlaumu nani?"

Nati akakoma kucheka. Akamgeukia baba yake. Mzee akatazama juu, kwenye feni.

Maana hiyo ilikuwa sheria ya gereji yao. Kila aliyekuja kujifunza pale aliimbiwa: badilisha kimoja, washa, sikiliza. Ukibadilisha plagi, kabureta na koili kwa mpigo, gari likiwaka hujui limeponywa na nini, na likizima hujui umeua nini. Nati mwenyewe aliwahi kumfukuza mwanafunzi kwa kosa hilo.

"Kumbe nimejifanyia ufundi wa barabarani," akasema polepole.

"Sijui magari," mfamasia akasema, "lakini naona umenielewa. Hivyo vyote weka kando. Hicho kikopo cha shangazi ndiyo kabisa, hatujui ndani yake kuna nini. Kwanza tunaiacha ngozi ipoe. Utanawa kwa hii."

Akatoa chupa ya sabuni ya maji, isiyo na harufu.

"Asubuhi na usiku, na ukitoka jasho jingi. Maji ya vuguvugu, ncha za vidole, basi. Hakuna kusugua. Ukimaliza, taulo safi, unagusagusa tu. Halafu unapaka hii losheni."

"Mafuta tena? Juu ya mafuta?"

"Si mafuta mazito. Ni nyepesi, na imeandikwa haizibi vitundu vya ngozi. Ngozi ya mafuta nayo hukauka, dada. Yako umeichubua mpaka imekauka."

"Injini inayovuja," Mzee Spana akasema ghafla. Wote wawili wakamgeukia. "Nje imelowa. Ndani kavu."

"Ehe," mfamasia akasema. "Mzee tunakwenda sawa. Na mchana, losheni ya kukinga jua, hayo madoa yasizidi kukolea. Uso ukishatulia urudi, nitakupa dawa yenyewe ya chunusi. Utaianza kidogokidogo, leo unapaka, kesho unaruka. Sasa hivi itakuunguza bure."

"Nikiziminya je?"

"Mikono yako iwe kwenye magari. Na foronya ufue. Na hiyo skafu, ukiivaa siku nzima na jasho lake, unazijengea chunusi nyumba."

Nati akaitazama skafu. "Zitakuwa zimeisha mwisho wa mwezi?"

"Mwisho wa mwezi utakuwa unaanza tu. Hili ni jambo la wiki nyingi. Na zikikataa, au zikiwa mafundo yanayouma ndani kwa ndani, nitakuelekeza kwa daktari wa ngozi. Si kosa lako, na si uchafu. Umenisikia? Si uchafu."

Walirudi nyumbani. Lile neno la mwisho Nati alilibeba njia nzima kama yai.

Kesho yake asubuhi mzee alimkuta kwenye sinki, chupa mkononi, amekunja uso.

"Haitoi povu, Baba."

"Haitoi."

"Nimenawa, lakini kama sijanawa." Akapitisha kidole gumba shavuni. "Unasikia? Haulii. Haya ni maji tu tumeuziwa."

Mzee alikuwa na fulana ya kulalia, taulo begani. Akanyoosha mkono.

"Nipe."

"Wewe wa nini?"

"Na mimi nina uso."

Akamimina kiganjani, akaanza kujisugua kama anasafisha bloku ya injini.

"Usisugue! Baba! Ncha za vidole!"

"Ndiyo hizi."

"Hizo ni koleo." Nati akachukua chupa ya sabuni, akatazama ile mikono yenye nyufa nyeusi ambazo hakuna sabuni iliyowahi kuzifikia. "Basi lete uso."

Mzee akaleta uso. Nati akamgusa paji, mashavu, pembe za pua, polepole, kama alivyoambiwa. Mzee akafumba macho.

Hakuna aliyekuwa amemgusa uso tangu mkewe aondoke. Mama Kaunta alikuwa na mtindo wa kulowesha kidole gumba kwa ulimi na kumfuta grisi sikioni, mbele za watu, na yeye anajifanya hapendi. Miezi yote hii sikio lilikuwa limebaki na grisi yake.

"Baba, unalia?"

"Sabuni imeingia machoni."

"Hii haiwashi, Baba."

"Basi imeingia tu."

Nati hakuendelea kuuliza. Akamalizia mashavu, kisha akamfuta na nyuma ya sikio. Halafu akachukua losheni ya kukinga jua, akakitazama kichwa cha baba yake, akaguna.

"Na hiki kipara itabidi chupa nzima."

"Hicho ndicho kinachokaa juani," mzee akasema. "Paka."

Ikawa ndiyo desturi. Kila asubuhi wanasimama sinkini wawili, wananawa bila povu, wanapakana. Mzee alianza kuamka mapema kabla hajaitwa. Siku nyingine walizungumza, siku nyingine hawakuzungumza. Skafu ilifuliwa, ikaanikwa, ikasahaulika kwenye kamba.

Uso haukupona kwa miujiza. Ulipoa. Wekundu ulipungua, magamba yakaacha kudondoka, ukaweza kuushika bila kushtuka. Chunusi zilibaki, ila mpya zilikuwa zinapiga hodi kabla ya kuingia, hazivunji mlango. Hata hivyo Nati aliendelea kukaa chini ya magari, na mwisho wa mwezi ukawa umefika mlangoni.

Siku moja kabla ya kutoa jibu, aliamka na chunusi kidevuni, moja, kubwa, kama imetumwa. Mzee alimkuta kwenye bomba la gereji. Lile kopo la sabuni ya chenga lilikuwa mkononi, limefunguliwa.

"Hii moja tu, Baba. Niikate kasi."

Mzee aliegemea gari.

"Gasketi uliyofunga jana, leo unaifungua kuchungulia kama imeshika?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Itavuja."

"Basi."

Kwa mzee yule, hayo yalikuwa mahubiri ya Jumapili nzima. Nati alisimama kidogo, akalifunika kopo, akalirudisha mahali pake.

"Lakini jibu la mabasi ni kesho," akasema.

"Najua."

Mzee alikuwa na neno kooni. Lilikuwa neno dogo, usiende, na alikuwa amelibeba mwezi mzima. Akamtazama binti yake, kucha zake, ile chunusi yake, shingo ya mama yake. Neno hakulitoa. Mtu hashikwi kwa jeki.

"Ukienda, ile sabuni ichukue," akasema. "Na losheni. Mimi nitanunua nyingine."

"Utaendelea? Peke yako?"

"Nimezoea sasa."

"Na nani atakupaka?"

Mzee aliokota spana sakafuni, akaifuta, ingawa ilikuwa safi. Kisha akajilaza chali, goti likalalamika, akaingia chini ya gari. Nati alibaki amesimama. Mzee aliviona viatu vyake kwa muda mrefu, vimetulia, kabla havijaondoka.

Asubuhi iliyofuata walinawa, wakapakana. Mzee akaingia chini ya gari la mwalimu. Alikuwa anakaza boliti moja aliposikia sauti ya Honi mlangoni.

"Hodi! Mzee wangu! Leo nataka funguo zangu mimi, si za watu!"

Mzee akashusha spana ili atoke. Kisha akasikia.

Kwii.

Akabaki kama alivyo, mkono hewani.

"Ala! Nati!" Honi akasema. "Siku nyingi! Tulifikiri umeolewa na silensa. Na hiyo kidevuni ni nini?"

Mzee aliacha kupumua.

"Hii?" sauti ya Nati ikasema. "Indiketa. Nakata kona."

Honi alicheka mpaka akapiga kaunta. Mwalimu kwenye benchi akacheka. Nati mwenyewe akacheka, kile kicheko cha duka la dawa. Kiti kikalia alipogeuka kuchukua funguo, kikalia tena aliporudi.

"Hiki kiti nacho!" Honi akasema. "Gereji nzima hamna tone la oili?"

"Kiache!" akasema Nati.

"Kiache!" ikasema sauti nyingine kutoka chini ya gari.

Baadaye kidogo simu ikalia. Mzee hakutaka kusikiliza, akasikiliza.

"Ndiyo, ndiye mimi. Nashukuru sana kwa kunifikiria. Hapana. Hapana, mshahara mzuri, hauna neno. Nina kazi huku. Mbele." Akasikiliza kidogo. "Mbele, kaka. Kwenye watu."

Boliti ilikuwa imeshakazwa. Mzee aliendelea kuishika tu.

"Baba!" Nati akaita. "Mwalimu anauliza gari lake lina nini!"

"Linaumwa!"

"Anasema ni mkanda wa feni, mwalimu," Nati akasema kwa upole, "umelegea tu, jioni utaondoka nalo. Sogea huku, nikumiminie chai."

Mzee hakuwa amesema chochote kuhusu mkanda. Lakini ndio uliokuwa umelegea. Alilala pale chali, kipara kinanukia losheni, anatazama vyuma vilivyo juu yake. Huko mbele kiti kikalia tena.

"Asante," akasema kwa sauti ndogo, na hakuna aliyemsikia.